Kwa Nini Bado Anashtuka?

Wiki nyingi tumezungumza juu ya malaria, kisukari, chanjo za watoto na maji safi. Leo tuna mgonjwa wa namna nyingine. Ukimpima joto, yuko sawa. Ukimpima damu, huoni kitu. Lakini gurudumu la matatu likipasuka pale Westlands, yeye yuko chini ya kiti, ameziba masikio, na abiria wenzake wanacheka.

Kwa nini anafanya hivyo? Swali hilo, kwa nini mtu anafanya anavyofanya, ndilo linaloshughulikiwa na elimu iitwayo saikolojia. Na nikuambie mapema: wenye elimu hiyo hawajaafikiana mpaka leo. Wapo wanaosema ni damu na ubongo. Wapo wanaosema ni mafunzo. Wengine wanasema ni mambo yaliyofichika moyoni, wengine ni mawazo, na wengine wanasema acha kumtazama mtu peke yake, watazame wanaomzunguka. Unaweza kudhani huo ni ubishi wa maprofesa tu. Sivyo. Maelezo utakayoyakubali juu ya ndugu yako ndiyo yatakayoamua kama utampeleka hospitali, utamkemea, utamfungia ndani au utaketi naye umsikilize.

Basi tuanzie mjini, katikati ya Nairobi, pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie Avenue. Siku hizi pana bustani ya kumbukumbu, iliyofunguliwa mwaka 2001. Zamani palikuwa na ubalozi wa Marekani.

Ijumaa tarehe 7 Agosti 1998, baada ya saa nne na nusu asubuhi, lori lilifika nyuma ya ubalozi huo. Mlinzi alikataa kulifungulia. Kukasikika mlio wa guruneti, kisha risasi. Katika ofisi za jirani watu waliacha kalamu na simu, wakaenda dirishani kutazama kuna nini. Ndipo bomu lenyewe likalipuka. Jengo la Ufundi liliporomoka. Jumba refu la Co-operative lilibaki limesimama lakini vioo vyake viligeuka visu. Hapa Nairobi walikufa watu 213, kumi na wawili kati yao wakiwa Wamarekani, na maelfu walijeruhiwa. Dar es Salaam, asubuhi hiyo hiyo, bomu lingine liliua watu 11. Na miongoni mwa majeruhi wa Nairobi, wengi waliumia macho. Baadhi hawakuona tena.

Tusimame kidogo pale dirishani. Nimewahi kusikia watu wakisema kwamba waliopoteza macho waliponzwa na udaku. Huo ni ukatili, na pia si kweli. Mtaalamu wa Urusi, Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya usagaji wa chakula, aliliona jambo hilo hilo kwa mbwa wake. Mbwa akisikia sauti ngeni huacha kila kitu, huinua masikio na kugeuka upande ule. Pavlov aliona ni mwitikio wa kuzaliwa, kama kuuliza, hiki ni nini? Mtoto mchanga anao. Wewe unao. Umetulinda tangu enzi za simba na nyoka, kwa kuwa asiyegeuka huliwa. Ila haukuumbwa kwa ajili ya jiji la vioo. Kwa hiyo wale watu hawakufanya ujinga. Walifanya kile ambacho mwili wa binadamu hufanya kabla akili haijashauriwa.

Sasa tuende nyumbani, upande wa magharibi wa jiji. Fikiria wanawake wawili, makarani wa ofisi moja. Ni mfano tu, usimtafute mtu. Siku ile walikaa meza zilizopakana, wote wakakatwa na vioo, wote wakashonwa. Mmoja alikaa nyumbani wiki mbili, akalia, akarudi kazini, na maisha yakaendelea. Wa pili, ambaye anakaa Kangemi, mwezi wa tatu bado halali. Akifumba macho anaona vumbi. Matatu ikifika Westlands anashuka, haendi tena katikati ya mji, hata kama ni kwenda kumlipia mtoto karo. Mlango ukipigwa kwa nguvu anaruka. Watoto wakicheza anawafokea, kisha anajifungia chooni alie.

Ukoo unakutana. Mjomba anasema: "Huyu amerithi. Hata marehemu babu yake alikuwa mtu wa hofu." Shangazi anakataa: "Mjomba, hofu hii hakuzaliwa nayo, ameipata mjini." Shemeji anasema kuna jambo la zamani ambalo halijasemwa. Dada yake mdogo anasema, "Mawazo yanamsumbua, anajilaumu sana." Na jirani, mama wa nyumba ya pili katika ploti, anauliza polepole: "Tangu aache kazi, nani humtembelea?"

Msikilizaji, bila kujua, hao watano wamesema karibu mabishano yote makubwa ya saikolojia. Hebu tuwasikilize.

Mjomba kwanza. Ana ukweli wake. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo yenye umbo la lozi, wataalamu huiita amigdala. Kazi yake ni kupiga king'ora. Ikiona hatari, moyo hudunda, adrenalini humwagika, misuli hukaza. Kwa mtu aliyepata kiwewe, king'ora hicho hulia hata hatari isipokuwepo, na sehemu za ubongo ambazo kazi yake ni kukizima huwa hazifaulu vizuri. Na urithi upo. Mwaka 1993 Wamarekani walichunguza mapacha waliokuwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Walilinganisha mapacha wa kufanana kabisa na mapacha wa kawaida, wakaona kwamba urithi ulieleza kiasi cha thuluthi moja ya tofauti za dalili kati ya watu, au chini ya hapo. Sikiliza vizuri: thuluthi. Sehemu kubwa zaidi inatoka kwingine.

Na hoja hii ya damu ina historia mbaya hapa hapa Nairobi, ambayo ni lazima niisimulie.

Upande wa pili wa jiji, njia ya Thika, kuna Hospitali ya Mathari. Ilianza mwaka 1910. Kuanzia mwaka 1938 hadi 1950 ilisimamiwa na daktari aliyeitwa John Colin Carothers. Alipokabidhiwa hospitali hiyo hakuwa amesomea magonjwa ya akili kama fani. Alikuja kuyasomea baadaye. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika. Humo alidai kwamba Mwafrika hatumii vya kutosha sehemu ya mbele ya ubongo, akamfananisha na Mzungu aliyepasuliwa ubongo na kukatwa sehemu hiyo. Akasema pia kwamba huzuni kubwa, ule ugonjwa wa kukata tamaa, ni nadra kwa Waafrika.

Aliyajuaje hayo? Kwa sehemu kubwa alihesabu waliolazwa Mathari. Sasa jiulize, nani aliletwa Mathari miaka hiyo? Aliyevunja vitu sokoni, aliyepigana, aliyekamatwa na polisi. Mama aliyekaa kimya nyumbani, asiyekula, asiyelala, anayetamani kufa, nani angemleta? Hakuhesabiwa. Na kwa kuwa hakuhesabiwa, ikaandikwa kwamba hayupo.

Mwaka uliofuata, 1954, serikali ya kikoloni ilichapisha ripoti ya daktari huyo huyo juu ya saikolojia ya Mau Mau. Alieleza uasi ule zaidi kwa akili za watu waliochanganyikiwa kati ya mila za zamani na maisha mapya. Mtu aliyenyang'anywa shamba akakasirika, hasira yake ikawa ugonjwa. Unaona maelezo yanavyofanya kazi? Ukisema tatizo ni shamba, itabidi uzungumze juu ya shamba. Ukisema tatizo ni akili yake, unaweza kumweka kizuizini na kuita hiyo ni tiba.

Waafrika wenyewe walijibu. Daktari Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria alipinga hoja hizo, na utafiti alioufanya pamoja na wenzake wa Marekani katika eneo la Abeokuta, uliochapishwa mwaka 1963, ulikuta huzuni kubwa ipo vijijini, tena si haba. Hapa Kenya, mwaka 1979, David Ndetei na mwenzake Muhangi walichapisha uchunguzi wa wagonjwa waliofika wenyewe katika zahanati moja ya mashambani. Mmoja kati ya watano alikuwa na tatizo la akili. Wengi wa namna hiyo huja wakilalamika kichwa, tumbo, mgongo.

Na bomu la mwaka 1998, kwa njia ya kusikitisha, liliongeza jibu lingine. Miaka mitatu kabla, Aprili 1995, bomu lilikuwa limelipuka Oklahoma City, Marekani, na kuua watu 168. Watafiti waliwahoji manusura wa huko na manusura wa Nairobi kwa njia zinazofanana, wakachapisha matokeo mwaka 2005. Viwango vya kiwewe vilikaribiana. Hofu ya karani wa Nairobi na hofu ya karani wa Oklahoma zilikuwa hofu moja. Tofauti ilikuwa katika kile kila mmoja alichokishika ili asianguke: wa Nairobi walitegemea zaidi dini, wa Oklahoma walitumia zaidi matibabu, dawa na pombe. Kwa hiyo mjomba, ubongo upo, ndiyo. Ubongo wa kabila fulani au rangi fulani, haupo.

Sasa shangazi, anayesema hofu hufunzwa. Upande huu una Pavlov tena, na Mmarekani John Watson. Mwaka 1920 Watson na msaidizi wake Rosalie Rayner walimpa mtoto mchanga panya mweupe. Mtoto hakumwogopa. Kisha kila alipomgusa panya, walipiga chuma kwa nyundo nyuma ya kichwa chake. Baada ya mara kadhaa, panya peke yake alitosha kumliza. Leo hakuna kamati ya utafiti itakayokubali jambo hilo, na ni vyema. Lakini linaeleza mengi. Mlio mkubwa ukikutana na kitu, kitu hicho hubeba hofu ya mlio. Kwa karani wetu, mlio ulikutana na ghorofa, vioo, ving'ora, harufu ya vumbi la saruji, Ijumaa asubuhi. Vyote hivyo sasa ni panya mweupe.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo penye tiba. Angalia anavyoshuka Westlands. Akishuka, moyo unatulia. Anahisi nafuu. Nafuu hiyo ni tamu, na kesho atashuka tena. Lakini kila anaposhuka ananyimwa nafasi ya kujua kwamba leo mjini hakulipuki kitu. Hofu inabaki mbichi, kama nyama iliyotiwa kwenye friji. Kisha inapanuka. Mwanzo alikwepa Moi Avenue, baadaye mji wote, baadaye maduka makubwa, mwisho hatoki nje ya lango la ploti. Na familia yenye huruma humsaidia kukwepa: "Wewe kaa, nitakuendea mimi." Wanamtumia mtoto dukani, wanamfungia redio. Wanafanya kwa upendo, na hofu inanenepa.

Mwaka 1924 mwanasaikolojia mwanamke, Mary Cover Jones, alichapisha habari za mvulana aliyeogopa sungura. Alimleta sungura mbali, mtoto akila chakula anachokipenda. Kesho karibu kidogo. Siku nyingine karibu zaidi. Mwisho mtoto akamshika sungura. Tiba nyingi za hofu za leo ni watoto wa kazi ile. Kwa karani wetu ingekuwa hivi: akiwa na mshauri aliyefunzwa, kwanza azungumzie safari ya mjini. Siku nyingine apande matatu hadi Museum Hill na kurudi. Baadaye afike mjini Jumapili, hakuna msongamano. Baadaye siku ya kazi. Hasukumwi kwa nguvu, wala haachwi akwepe milele. Tafadhali usijaribu kumshtua "ili azoee", kama baadhi ya vijana wanaopasua baluni nyuma ya mtu. Hiyo ni nyundo ya Watson, siyo sungura wa Mary Jones.

Kuhusu shemeji na mambo yaliyofichika, nitapita haraka. Huyo ni Sigmund Freud wa Vienna. Mwaka 1920 aliandika juu ya askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia waliokuwa wakiota vita usiku baada ya usiku, jambo lililosumbua nadharia yake mwenyewe kwamba ndoto hutimiza matakwa. Mengi aliyosema Freud hayakuthibitika. Lakini alitufundisha kumpa mgonjwa kiti na kumwacha aseme, na hilo limedumu kuliko nadharia zake.

Dada mdogo, anayesema ni mawazo, yuko karibu zaidi na tiba za kisasa. Tangu miaka ya 1960 Aaron Beck, daktari wa Philadelphia, alifundisha kwamba kinachomwangusha mtu mara nyingi ni maana anayolipa tukio. Na mwaka 2000 Anke Ehlers na David Clark, waliokuwa Uingereza, walieleza kwamba mwenye kiwewe huishi kana kwamba hatari bado ipo, sasa hivi. Msikilize karani wetu: "Nilimwambia mwenzangu aje dirishani. Nimemuua." Au: "Mungu aliniacha kwa sababu fulani ili aniadhibu." Au: "Mjini ni mahali pa kufa." Mshauri mzuri hatamwambia "usiwaze hivyo". Atamuuliza. Ulijua kuna bomu? Ulimwita ili aone nini? Kama mwenzako ndiye angekuita wewe, ungemhukumu? Mara nyingi machozi ya kweli huanzia hapo, na usingizi hufuata.

Na sasa yule jirani wa ploti, aliyeuliza nani humtembelea. Nilimweka mwisho kwa makusudi.

Baada ya bomu, daktari wa magonjwa ya akili Frank Njenga na wenzake waligawa maswali kwa watu 2,883 walioathirika, wengi wao raia wa kawaida wa hapa, kati ya mwezi wa kwanza na wa tatu. Matokeo yalichapishwa Uingereza mwaka 2004. Asilimia 35 walikuwa na dalili zinazokaribia ugonjwa wa kiwewe. Yaani zaidi ya mmoja kati ya watatu. Na pia, usisahau, karibu wawili kati ya watatu hawakufikia kiwango hicho, ingawa waliona waliyoyaona.

Nani waliumia zaidi? Walioona mlipuko, waliojeruhiwa, ambao majeraha yao hayakupona, waliofiwa. Hayo unayatarajia. Lakini katika orodha hiyo hiyo kulikuwa na mambo mengine mawili: waliopata shida ya fedha tangu mlipuko, na wale ambao hawakuwa wamemfungulia rafiki moyo wao.

Sitaki kutia chumvi. Utafiti wa namna hiyo hauwezi kuthibitisha kwamba kunyamaza ndiko kulikoleta ugonjwa. Inawezekana aliye mgonjwa zaidi ndiye hujitenga zaidi. Kwa maoni yangu mambo hayo husukumana: anaumwa, ananyamaza, anaachwa, anaumwa zaidi. Lakini tazama orodha ile tena. Mlipuko huwezi kuurudisha nyuma. Damu ya babu huwezi kuibadilisha. Kodi ya nyumba na rafiki wa kuzungumza naye, hayo mawili jirani anaweza kuyagusa wiki hii.

Ndiyo maana naona mjomba na shangazi wanabishana bure. Urithi huamua jinsi king'ora kilivyo chepesi, tukio hukiwasha, kukwepa hukifanya kisizimike, mawazo ya kujilaumu hukiongezea sauti, na upweke humwacha mtu peke yake akikisikiliza. Kila mmoja ameshika sehemu ya tembo.

Kuna ubishi mmoja ambao ulimalizika kwa ushahidi, na unakuhusu. Miaka ya 1990 iliaminika duniani kwamba kila aliyepatwa na msiba mkubwa akalishwe kikao kimoja mara moja, asimulie yote aliyoyaona na kuyahisi, ndipo atakingwa. Ilionekana ni jambo la akili. Lakini majaribio yalipokusanywa na kupimwa pamoja, ilionekana kikao hicho kimoja hakikingi, na baadhi ya watu kiliwazidishia shida. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilishauri kisitumike. Badala yake, tangu 2011 shirika hilo limekuwa na mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, ambao ni rahisi kushangaza. Hakikisha mtu yuko salama. Mpe maji, blanketi, simu ya kupigia nyumbani. Msaidie kuwapata jamaa zake. Msikilize akitaka kusema, na akitaka kunyamaza, kaa naye.

Huenda ukajiuliza, sasa kufungua moyo ni kuzuri au kubaya? Tofauti ni hii: yule anachagua mwenyewe nani, lini na kiasi gani. Yule mwingine analazimishwa mbele ya mgeni. Rafiki si mpelelezi.

Hayo si mambo ya 1998 tu. Jumamosi tarehe 21 Septemba 2013 watu walikuwa wakinunua vyakula Westgate, Westlands, na watoto walikuwa katika shindano la upishi, washambuliaji walipoingia. Watu 67 waliuawa katika mkasa uliochukua siku nne. Tarehe 15 Januari 2019 ikawa zamu ya Dusit, Riverside Drive, watu 21 wakapoteza maisha. Na aliyeokoka mwaka 1998, akiwa nyumbani kwake Kangemi akisikia helikopta juu ya Westlands, anaweza kurudi siku ya kwanza kabisa. Jeraha la zamani kufunguka upya hakumaanishi hakupona. Ni king'ora kinakumbuka.

Sasa ya vitendo. Kushtuka, kukosa usingizi, kulia, kuota vibaya katika wiki za kwanza baada ya jambo la kutisha, iwe bomu, ajali ya barabarani, kubakwa, au kuvamiwa na majambazi, si wazimu. Wengi hupona wakiwa na watu wao. Usikimbilie duka la dawa kununua vidonge vya kulala. Dawa za jamii ya diazepamu, ambayo wengi huijua kama Valium, hazipendekezwi kwa dalili za mwezi ule wa kwanza, na mtu huzizoea upesi. Kama tayari umekuwa ukizitumia kwa muda, usiache ghafla, zungumza na daktari aliyekuandikia. Pombe nayo huleta usingizi wa saa mbili na kukuamsha saa nane za usiku na jinamizi lile lile.

Dalili zikipita mwezi mmoja bila kupungua, au mtu akiwa hawezi kazi, hawezi kutunza watoto, au amejifungia, mpeleke hospitali. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta na Mathari zina kliniki za afya ya akili, na kituo cha afya cha karibu nawe kinaweza kukuandikia barua ya kukutuma huko. Ukienda kwa mshauri wa kibinafsi, una haki ya kumuuliza amesomea wapi. Kenya ina sheria ya washauri na wanasaikolojia tangu mwaka 2014. Akizungumzia kufa au kujiua, usisubiri mwezi uishe, na usimwache peke yake. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Nenda naye siku hiyo hiyo.

Na ukimtembelea, usianze na "pole, lakini wenzako walikufa, mshukuru Mungu." Huenda ameshukuru mara elfu na bado halali. Anza na chai. Mwambie, "Dada, nimekuja kukaa." Akisema, sikiliza, usimkatize kwa kisa chako. Akinyamaza, menya viazi pamoja naye. Kabla ya kuondoka mwambie siku utakayorudi, na siku hiyo urudi kweli.

Wiki ijayo, wakati kama huu, tutazungumza juu ya usingizi: mtu mzima anahitaji saa ngapi, na kwa nini anayefanya kazi ya zamu za usiku huugua mara kwa mara.